Tabibu na Umusambi

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu wa Gishubi, pamoja na wageni wa kutoka Gitega na Muyinga

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vinavyotembea na vinavyoruka. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Maneno ya leo ni juu ya mtu mmoja wa elimu na ndege mmoja. Mtu huyo ni Daktari Olivier Nsengimana, tabibu wa wanyama, mzaliwa wa nchi jirani ya Rwanda. Ndege huyo ni umusambi, ambaye katika Kiswahili huitwa korongo mwenye taji. Huenda msikilizaji akauliza: kuna nini katika habari ya tabibu na ndege, hata ikasomwa mbele ya watu wazima? Jawabu lake halipatikani kwa neno moja. Lakini mwenye kusikiliza mpaka mwisho ataona kwamba ndani ya habari hii mna mambo matatu ambayo hapana mtu asiyeyahitaji, nayo ni kuijua hesabu ya kitu alichowekewa mtu amana, kukirudisha kilichochukuliwa pasipo haki, na kulilinda bonde ambalo maji yake ni ya watu wote.

Kwanza na atajwe ndege mwenyewe, maana vijana wengi wa leo wamelisikia jina lake kuliko walivyomwona kwa macho. Umusambi ni ndege mrefu, kimo chake hupata mita moja. Mwili wake ni wa kijivu, mbawa zake zina weupe mwingi, mashavu yake ni meupe, na juu ya kichwa chake limesimama shungi la manyoya ya rangi ya dhahabu mfano wa miale ya jua. Hutembea kwa utulivu kama mzee aendaye barazani. Dume na jike wakishafungamana hukaa pamoja miaka mingi, nao hucheza ngoma yao kwa kuinama, kuruka juu na kutandaza mbawa. Hujenga kiota chao katikati ya majani ya kinamasi, penye maji, ili adui asiwafikie. Jike hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, na wote wawili huyaatamia kwa zamu muda wa mwezi mmoja hivi. Katika aina 15 za korongo zilizoko duniani, ni hawa wenye mataji peke yao wanaoweza kulala juu ya miti, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu cha kushikia tawi. Basi maisha yake yanahitaji vitu viwili pamoja: kinamasi cha kuzalia, na mti wa kulalia.

Heshima ya ndege huyu ni kubwa katika Afrika Mashariki. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilimweka katikati ya bendera yake, naye yupo hapo hata leo. Katika Rwanda watu walimhesabu kuwa dalili ya utajiri na umri mrefu. Hapana aliyemchukia.

Na hapa ndipo penye ajabu ya kuzingatiwa. Ndege anayechukiwa huuawa, na hilo halimshangazi mtu. Lakini huyu, aliyependwa na kila mtu, naye alipungua vilevile. Mwaka 1985 wataalamu walikadiria kwamba idadi ya korongo hawa katika Afrika ilizidi 100,000. Baada ya miaka 30 hivi idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na mwaka 2012 aliandikwa katika daftari la dunia la viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu ya kwanza ni kukaushwa kwa vinamasi. Sababu ya pili ni sumu za mashambani na kuchukuliwa kwa mayai na makinda. Na katika Rwanda kulikuwa na sababu nyingine iliyotoka katika mapenzi yenyewe: wenye mali walimtaka awe pambo la nyua zao, na wenye hoteli walimtaka atembee katika bustani mbele ya wageni.

Maskini wa kijijini alikwenda kinamasini, akamtwaa kinda kabla hajajua kuruka, akamwuza kwa fedha kidogo. Aliyenunua akamkata manyoya ya mbawa asikimbie, na pengine mfupa wa ubawa ukavunjwa. Ndege akabaki uani pamoja na kuku, akila mabaki ya chakula. Watu wakapita wakimsifu kwa uzuri wake, wala hawakujua kwamba wanamtazama ndege asiyepata kuzaa. Maana umusambi aliyetengwa na kinamasi na mwenziwe huishi miaka yake, akafa, wala haachi kizazi. Basi mwenye kumpenda namna hii alikuwa akikata mti ili apate kivuli cha siku moja.

Enyi ndugu, mambo yalikuwa katika hali hiyo alipotokea tabibu aliyetajwa.

Olivier Nsengimana alikuwa mtoto katika Rwanda mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, mwaka ambao watu wa Burundi pia hawahitaji kuelezwa uzito wake, kwa kuwa nao wameonja msiba wao. Kabla ya siku hizo alikuwa amewaona imisambi kijijini kama watoto wengine walivyowaona. Baada ya mambo hayo nchi ilikuwa na yatima wa kulelewa, wagonjwa wa kutibiwa na nyumba za kujengwa upya. Nani angeuliza habari za ndege? Kijana huyo alisoma, akachagua elimu ya utabibu wa wanyama. Alipohitimu alifanya kazi pamoja na matabibu wa Gorilla Doctors, wanaowatibu gorila wa milimani katika misitu ya volkano ya Rwanda, Uganda na Kongo. Kazi hiyo si nyepesi. Tabibu hupanda mlima katika mvua na matope, humtafuta mnyama aliyenaswa na mtego wa waya au aliyepatwa na ugonjwa wa kifua, humtibu palepale msituni, kisha humwacha aende kwa jamaa zake. Hamchukui nyumbani. Katika kazi ile alijifunza kanuni moja ambayo baadaye ilimwongoza katika jambo la umusambi: kwamba mnyama wa porini hutibiwa ili arudi porini.

Gorila walikuwa na watetezi wengi, kwa kuwa wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuwatazama. Umusambi hakuwa na mtetezi. Mwaka 2014 Nsengimana, akiwa kijana wa miaka ipatayo 30, alipewa tuzo na kampuni ya saa ya Rolex ya Uswisi kwa ajili ya shauri lake la kumwokoa ndege huyu, na mwaka 2015 akaanzisha chama cha Rwanda Wildlife Conservation Association, yaani chama cha kuwahifadhi wanyama wa porini wa Rwanda. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Whitley huko Uingereza. Tuzo hizi zimetajwa ili ijulikane kwamba elimu yake ilishuhudiwa na wenye elimu. Lakini thamani ya mtu huyu haimo katika tuzo, bali imo katika namna alivyoitenda kazi.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kuhesabu. Watu husema kwa wepesi, "Ndege wamekwisha," au, "Ndege wangaliko tele," na wote wawili hunena kwa kudhani. Mwanachuoni haridhiki na dhana. Ilitakiwa ijulikane ni wangapi wamo majumbani, na ni wangapi wamebaki mabondeni. Hesabu ya mabondeni ilifanywa kwa watu kutembea kwa miguu katika vinamasi na kwa kuruka angani juu yake, na ikarudiwa kila mwaka, kwa kuwa hesabu ya mara moja humwonyesha mtu mahali aliposimama tu, lakini hesabu ya miaka mingi humwonyesha njia anayoiendea. Mwaka 2017 walihesabiwa imisambi 487 katika Rwanda nzima. Fikirini jambo hilo: ndege aliyekuwa fahari ya nchi, na idadi yake yote haikutimia watu wanaoweza kujaa katika msikiti mmoja siku ya Idi.

Jambo la pili ni kuwarudisha waliochukuliwa, na hapa hekima yake ilionekana zaidi. Kumweka ndege huyu nyumbani kulikuwa kinyume cha sheria. Angaliweza kuwataka askari waende nyumba kwa nyumba na kuwatia watu mbaroni. Lakini mtu mwenye kuogopa kifungo humficha ndege, au humchinja usiku na kumzika, na asubuhi hapana ushahidi wala ndege. Basi kwa kushirikiana na Serikali ya Rwanda, tangazo lilipigwa kwa redio: kila mwenye umusambi nyumbani kwake na ajitokeze amwandikishe, wala hataadhibiwa. Watu wakaambiwa pia kwa nini jambo hili ni la lazima, kwa kuwa wengi walifanya kwa kutojua. Watoto walitungiwa kitabu cha picha kinachosimulia habari ya umusambi, nao wakarudi nyumbani wakawauliza baba zao maswali ambayo baba hawakuweza kuyakimbia.

Watu walijitokeza. Ndege zaidi ya 200 waliandikishwa, wakatiwa pete miguuni ili wajulikane. Kila mmoja alipimwa afya, asije akapeleka ugonjwa wa kuku kwa ndege wa porini. Kisha wenye mbawa zinazoweza kupona walipelekwa katika mbuga ya Akagera, upande wa mashariki wa Rwanda, wakawekwa kwanza mahali palipozungushiwa uzio. Huko manyoya yaliyokatwa yaliota upya, na misuli iliyolegea ikapata nguvu. Ndege aliyelishwa kwa mkono miaka mingi ilimpasa ajifunze tena kutafuta mbegu, wadudu na vyura, na kumwogopa mbweha. Hawakuhimizwa. Siku alipoweza, aliruka mwenyewe juu ya uzio akaenda zake.

Enyi ndugu, wenye kusoma hadithi wanakijua kisa cha ndege aliyenyang'anywa makinda yake mawili na masahaba walipokuwa safarini, akawa anapigapiga mbawa kwa huzuni. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alipomwona, aliamrisha makinda yarudishwe kwa mama yao. Hakusema kwamba ni ndege tu. Basi jambo alilolifanya tabibu huyu si geni kwa masikio ya Waislamu.

Lakini wako waliokuwa hawawezi kurudi. Mfupa wa ubawa uliovunjwa zamani ukaunga vibaya haunyooki tena, hata tabibu akiwa hodari namna gani. Ndege wa namna hiyo akipelekwa porini huliwa usiku wa kwanza. Wengine wangalisema, kwa kuwa hawana faida, waachwe wafe. Nsengimana na wenziwe walitengeneza mahali katika mji wa Kigali, kinamasi kilichofufuliwa, chenye eneo la hekta zipatazo 20, wakapaita Kijiji cha Umusambi, nacho kilifunguliwa mwaka 2021. Ndege vilema huishi huko miongoni mwa maji na majani, na watu huja kuwatazama. Mtoto akiuliza, "Mbona huyu haruki?" hujibiwa kwamba mtu alimpenda kwa kumvunja ubawa. Somo hilo ni zito kuliko hotuba nyingi.

Jambo la tatu ni kulilinda bonde, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linagusa chakula cha watu. Kumrudisha ndege kusikokuwa na kinamasi ni sawa na kumrudisha mgeni kwenye nyumba iliyobomolewa. Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Rugezi, makao mashuhuri ya imisambi. Chama kiliwachukua watu wa pale pale kuwa walinzi, wanaokijua kila kijia cha kinamasi chao. Walinzi hao hupita kila siku, huangalia viota, na huzungumza na wakulima. Kadhalika ilipandwa miti ya asili, kwa kuwa umusambi hulala mtini.

Hapa mkulima mwenye haki atauliza: "Je, ndege ni bora kuliko watoto wake?" Swali hili lisidharauliwe. Katika milima ya Gitega ardhi ni finyu na watu ni wengi. Wakati wa kiangazi, mlima ukikauka, ni bonde linalotoa maharage, viazi na mboga. Mwenye kumwambia mtu mwenye njaa aache bonde kwa ajili ya ndege hamtendei insafu. Lakini habari ya Rugezi yenyewe ina jawabu. Kinamasi hicho ni kama sifongo: hunywa maji ya mvua, kikayaachilia polepole kwenda katika ziwa Burera, na maji ya ziwa hilo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mifereji kinamasini ili walime, na milima inayokizunguka ikamomonyoka. Ilipokuja miaka ya mvua haba, maji ya ziwa yalishuka sana, na kufikia mwaka 2004 mitambo ya Ntaruka ilitoa umeme kidogo mno, nchi ikaingia gizani. Kukawa na sababu nyingine pia, kama matunzo mabaya ya mitambo. Lakini kukaushwa kwa kinamasi kulikuwa sababu kubwa. Serikali ikalazimika kuzuia kilimo ndani yake na kukirudisha katika hali yake. Kisha Rugezi ikaandikwa katika mkataba wa dunia wa kuhifadhi maeneo ya maji. Basi waliomwondoa ndege waliyaondoa na maji, na waliomrudishia ndege makao yake walijirudishia maji wao wenyewe. Umusambi hamdai mkulima bonde lote. Anadai moyo wa kinamasi uachwe na majani yake. Na moyo huo ndio unaolilisha bonde lililobaki wakati wa ukame.

Matunda ya kazi hii yanajulikana kwa sababu hesabu haikukoma. Waliokuwa 487 mwaka 2017 walihesabiwa 1,293 mwaka 2023. Si wote walioongezeka kwa kutoka majumbani, maana waliorudishwa hawafikii hesabu hiyo. Wengine ni waliozaliwa mabondeni baada ya wezi wa makinda kukosa wanunuzi, na wengine pengine ni walioonekana kwa kuwa macho ya wahesabuji yalizoea zaidi. Mwanachuoni mkweli huyataja yote mawili. Hata hivyo hapana shaka kwamba njia iliyokuwa ikiteremka sasa inapanda. Na jambo kama hili limepata kutokea kwingine: katika Marekani kuna korongo weupe ambao mwaka 1941 idadi yao yote haikutimia 30, na leo ni mamia, kwa sababu watu walilinda mahali pao na kuwahesabu bila kuchoka.

Sasa habari irejee Burundi, maana hakuna haja ya kusifu ua wa jirani na kuusahau wa nyumbani. Mto Akanyaru, ambao ni mpaka wa nchi mbili, una vinamasi kila upande. Maziwa ya Cyohoha na Rweru yanagawanywa na mpaka huohuo. Na ziwa Rwihinda la Kirundo limejulikana tangu zamani kwa wingi wa ndege wake. Watu wa Muyinga wanapakana na mbuga ya Ruvubu, iliyowekwa mwaka 1980, ambamo mto unapita katikati ya mafunjo. Ndege hasomi ramani. Umusambi aliyezaliwa upande mmoja wa Akanyaru huweza kula asubuhi yake upande wa pili. Basi akilindwa huku na kuuzwa kule, kazi ya walinzi wote ni bure. Jirani hawezi kuimaliza kazi hii peke yake.

Yanayotakiwa kwa mtu wa Gishubi, Gitega au Muyinga si makubwa ya kumshinda. Akiona kiota kinamasini asikiguse, na amkanye kijana wake. Akiletewa kinda kununua akatae, hata kama linauzwa rahisi na linapendeza. Maana asiponunua yeye, mwuzaji hatarudi kinamasini. Mwenye ndege nyumbani asimfiche wala asimwachie ovyo, bali awaendee wenye kusimamia wanyama wa porini wamshauri. Wenye kulima bondeni waafikiane kuacha sehemu ya majani na maji, wasichimbe mfereji mpaka kwenye chemchemi. Na walimu wa madrasa na wa shule wawafundishe watoto kuhesabu ndege wanaowaona, mwaka hata mwaka, kwa kuwa mtoto aliyehesabu kitu hawezi tena kuona kuwa si kitu.

Mwisho wa habari ni huu. Tabibu Nsengimana hakumwokoa umusambi kwa kumpenda zaidi ya walivyompenda wengine, kwa kuwa wote walimpenda. Alimwokoa kwa kuyabadilisha mapenzi yenyewe: yalikuwa mapenzi ya kufungia, yakawa mapenzi ya kuachia. Na katika jambo hili ndege ni mfano tu. Kila alichopewa mwanadamu, mke na watoto, maji na ardhi, amri juu ya watu wengine, vyote vyaweza kupendwa kwa moja ya njia hizi mbili, na njia moja kati yake huacha kizazi, na nyingine haiachi.

Mwenyezi Mungu awape watu wa mabonde haya mvua yenye manufaa, ailinde nchi na majirani zake, na awajaalie wenye kushika amana. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.